Shibiri Tatu za Mwisho: Historia ya Sauti Katika Pikipiki ya Safari

Pikipiki imepata jina lake katika Kiswahili kwa mlio wake. Mtu huisikia kabla hajaiona, na anayeisikia zaidi kuliko wote ni yule aliyeketi juu yake. Kelele tatu humzunguka mpanda pikipiki: kelele ya injini iliyo chini yake, kelele ya matairi yanayosaga barabara, na kelele ya upepo unaopasuka juu ya kichwa chake. Mwendo ukiwa mdogo injini ndiyo yenye enzi. Mwendo ukizidi, upepo huitwaa enzi yote. Hata hivyo, katikati ya ghasia hiyo, binadamu hakuacha kutamani kusikia jambo jingine: habari za dunia, muziki wa kumfariji njiani, au neno la mwenzake aliyeketi nyuma. Namna alivyolitafuta jambo hilo ni historia ndogo, lakini aghalabu historia ndogo huwa na mafunzo ambayo historia kubwa huyapita kwa haraka.

Kiswahili cha zamani kiliuita upelekaji wa habari bila waya kwa jina la simu ya upepo. Waliolitumia jina hilo waliona kwamba habari hupita hewani bila kuonekana, kama upepo upitavyo. Katika pikipiki jina hilo limegeuka kuwa fumbo, kwa sababu upepo uliosifiwa kwa kuleta sauti ndio unaoizuia isifike. Wimbo uliopigwa mjini waweza kusafiri hewani maili mia na kuingia katika redio iliyofungwa mbele ya pikipiki bila ya kupotea hata neno moja. Kisha, kutoka redioni hadi sikioni mwa msafiri, umbali wa shibiri tatu tu, wimbo huo hupotea. Historia ya sauti katika pikipiki ya safari ni historia ya shibiri tatu hizo: jinsi watu walivyojaribu kuzishinda kwa nguvu wakashindwa, jinsi walivyozifupisha wakafaulu, na gharama ambayo kufaulu kwao kulileta.

Redio iliingia katika vyombo vya barabarani kwa taabu. Mwaka 1928 polisi wa Detroit, Marekani, walianza kupokea habari za kazi kwa redio ndani ya motokaa zao. Mwaka 1930 kampuni ya Galvin ya Chicago ilianza kuuza redio ya motokaa kwa watu wote, ikaipa jina la Motorola, jina ambalo baadaye kampuni yenyewe ililichukua. Redio za wakati ule zilitumia valvu za kioo. Valvu zilitaka umeme mwingi, zilitoa joto jingi, na hazikupenda kutikiswa. Motokaa iliweza kuzibeba, kwa kuwa ina nafasi, ina betri kubwa, na ina paa na vioo vya kuzuia upepo. Pikipiki haikuwa na hata kimoja katika hivyo vinne. Katika miaka ya 1930 pikipiki za polisi nazo zilifungwa redio, lakini ilikuwa kwa haja ya kazi. Raia aliyesafiri kwa pikipiki aliendelea kusikiliza upepo.

Mlango ulifunguliwa na uvumbuzi ambao haukukusudiwa pikipiki hata kidogo. Mnamo Desemba 1947, katika maabara ya Bell huko New Jersey, John Bardeen na Walter Brattain, waliofanya kazi chini ya William Shockley, walionyesha transista ya kwanza. Watu hao watatu walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1956. Transista ilifanya kazi ya valvu bila kioo, bila kungoja ipate joto, na kwa umeme kidogo. Mwaka 1954 redio ndogo ya transista, iliyoitwa Regency TR-1, ilianza kuuzwa Marekani, na redio ikawa kitu cha mfukoni. Mwaka 1963 kampuni ya Philips ilionyesha kaseti ndogo mjini Berlin, na muziki nao ukawa kitu cha mfukoni. Sasa vitu vilivyoweza kustahimili mtikisiko wa pikipiki vilikuwapo. Kilichokosekana ni pikipiki yenyewe ya kuvipokea.

Pikipiki hiyo ilionekana katika maonyesho ya Cologne, Ujerumani, mwaka 1974. Kampuni ya Honda ya Japani ilileta chombo kilichoitwa Gold Wing, chenye injini ya silinda nne zilizolala ubavu, mbili kila upande, zenye ujazo wa sentimita za ujazo 999, iliyopozwa kwa maji, na yenye kuzungusha gurudumu la nyuma kwa shafti badala ya mnyororo. Kilianza kuuzwa kama pikipiki ya mwaka 1975. Ajabu ni kwamba chombo hiki, ambacho leo kinahesabiwa kuwa kielelezo cha pikipiki za safari ndefu, kiliuzwa kikiwa uchi: hakikuwa na ngao ya kuzuia upepo, hakikuwa na masanduku ya mizigo, wala hakikuwa na redio. Wanunuzi wa Marekani ndio waliokivika nguo. Walinunua ngao iliyoitwa Windjammer, iliyobuniwa na Craig Vetter, Mmarekani, wakaifunga mbele. Wakatia masanduku ubavuni. Na wenye kupenda muziki wakatafuta nafasi ya redio.

Kampuni iliona yaliyokuwa yakitendeka na ikajifunza. Mwaka 1980 ilitoa Gold Wing ya pili, GL1100, na pamoja nayo namna iliyoitwa Interstate, iliyotoka kiwandani ikiwa na ngao na masanduku yake. Mnunuzi aliyetaka redio aliweza kuiagiza. Mwaka huo huo utengenezaji wa pikipiki hiyo ulianza katika kiwanda cha Marysville, Ohio. Mwaka 1982 ikaja Aspencade, iliyokuwa na mapambo zaidi. Washindani hawakulala: Yamaha walileta Venture na Kawasaki wakaleta Voyager, zote za mwaka 1983. Katika muda wa miaka michache redio, kaseti, spika za mbele, na chombo cha mazungumzo kati ya dereva na abiria vikawa mambo ambayo mnunuzi wa pikipiki kubwa ya safari aliyatazamia. Gold Wing ya mwaka 1988, GL1500, yenye silinda sita na ujazo wa sentimita za ujazo 1520, ilikuwa kilele cha zama hizo. Ilikuwa na gia ya kurudi nyuma, na dashibodi yake ilifanana zaidi na ya motokaa kuliko ya pikipiki.

Hapo ndipo shibiri tatu zilipoanza kudai ushuru wao. Wataalamu hupima ukali wa sauti kwa desibeli, na kipimo hiki kina tabia ambayo humdanganya asiyeizoea. Desibeli 10 zikiongezeka, nguvu ya sauti imezidi mara 10, lakini sikio la mtu huisikia kuwa imezidi kama mara mbili tu. Amplifaya ya wati 20 ikibadilishwa kwa ya wati 40, pato lake ni desibeli 3, na msikilizaji huona tofauti ndogo. Kwa upande wa pili, upepo haukungoja. Utafiti wa madaktari wa Uingereza uliochapishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulikuta kwamba kelele ndani ya helmeti ya mpanda pikipiki ilikuwa karibu desibeli 90 katika mwendo wa kilometa 60 kwa saa, ikapanda hadi karibu 110 katika mwendo wa kilometa 160. Basi kila mwendo ulipoongezwa, upepo ulijiongezea nguvu bure, ilhali amplifaya ilipaswa kulipia kila desibeli kwa umeme.

Umeme wenyewe haukuwa mwingi. Jenereta ya GL1500 ilitoa wati 546, na katika hizo taa, mfumo wa kuwasha injini na betri vilikuwa na haki ya kwanza. Katika Gold Wing za silinda nne mambo yalikuwa magumu zaidi, kwa sababu koili za jenereta zilikuwa nyuma ya injini, na fundi aliyetaka kuzibadilisha alipaswa kuishusha injini nzima. Mwenye pikipiki aliyeongeza spika kubwa na amplifaya kubwa alikuwa akiongeza mzigo mahali pasipofikika kwa urahisi. Watengenezaji nao walijaribu hila njema: waliweka chombo cha kupandisha sauti chenyewe kadiri mwendo unavyozidi, na kuishusha mwendo unapopungua. Hila hiyo ilimwondolea dereva kazi ya kugeuza kitufe, lakini haikubadili hesabu. Debe tupu haliachi kuvuma, na spika iliyosukumwa kupita kiasi chake nayo huvuma bila ya kusema neno.

Hesabu hiyo hiyo, ikisomwa kinyume, ilikuwa imeficha ufumbuzi. Mahali palipo wazi, umbali kati ya spika na sikio ukipunguzwa nusu, msikilizaji hupata desibeli 6 bila ya kuongeza hata wati moja. Spika iliyo mbele ya dereva kwa sentimita 64 ikisogezwa hadi sentimita 2, umbali umepunguzwa nusu mara tano, na pato ni desibeli 30. Kuzipata desibeli 30 kwa njia ya amplifaya kungetaka nguvu iongezwe mara 1000. Hapana pikipiki iwezayo kubeba jenereta ya namna hiyo. Kwa hiyo, aliyetaka kumshinda upepo hakuhitaji sauti kubwa zaidi. Alihitaji sauti iliyo karibu zaidi. Na mahali pa karibu kabisa palikuwa tayari pamekwisha kujengwa, kwa sababu nyingine kabisa.

Mahali hapo ni helmeti. Mwezi Mei 1935 T. E. Lawrence, askari na mwandishi mashuhuri wa Uingereza, aliumia kichwa katika ajali ya pikipiki na akafa baada ya siku chache. Miongoni mwa matabibu waliomhudumia alikuwamo Hugh Cairns, mpasuaji wa ubongo, ambaye baadaye alichunguza vifo vya wapanda pikipiki wa jeshi na mwaka 1941 akachapisha makala iliyoonyesha faida ya kofia ngumu. Mwaka 1953 Wamarekani Charles Lombard na Herman Roth walipata hataza ya helmeti yenye tabaka la ndani la kusagika, ambalo hupokea kishindo ili ubongo usikipokee. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Bell ilileta helmeti ya kufunika uso mzima, na mwaka 1973 sheria ya Uingereza ikamlazimisha kila mpanda pikipiki kuvaa helmeti. Hakuna hata mmoja katika watu hao aliyefikiri habari za muziki. Walakini kazi yao ilimjengea kila msafiri chumba kidogo kuzunguka masikio yake, chenye kuta, chenye kitambaa laini, na chenye nafasi ya kutosha spika nyembamba.

Spika zilipoingia chumbani humo mara ya kwanza, ziliingia kwa waya. Katika Gold Wing na wenzake wa miaka ya 1980, tundu la pini tano liliwekwa karibu na tangi. Waya uliojikunja kama chemchemi ulitoka hapo ukapanda hadi helmetini, ukabeba sauti ya kushoto, sauti ya kulia, na maneno yaliyorudi kutoka kwa maikrofoni iliyo mbele ya mdomo. Kwa mara ya kwanza dereva na abiria waliweza kuzungumza bila kupiga kelele wala kugeuza shingo. Faida ilikuwa kubwa, na kero nayo haikukosekana. Msafiri alikuwa kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi: akishuka bila kukumbuka kuchomoa, waya humvuta shingo au pini hupinda. Mvua iliingia katika tundu, kutu ikafuata, na sauti ya upande mmoja ikapotea. Umbali ulikuwa umeshindwa, lakini kwa kamba.

Kamba hiyo ilikatwa na watu waliokuwa wakishughulikia simu. Mwaka 1994, katika kampuni ya Ericsson mjini Lund, Sweden, Jaap Haartsen, mhandisi Mholanzi, na wenzake walianza kazi ya kuunganisha simu na vifaa vyake kwa mawimbi ya redio ya karibu. Mwaka 1998 Ericsson, IBM, Intel, Nokia na Toshiba waliunda umoja wa kuendeleza kazi hiyo, na jina walilolichagua, kwa shauri la Jim Kardach wa Intel, likawa Bluetooth, lakabu ya Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10, aliyesifiwa kwa kuunganisha watu wa nchi yake. Alama ya ufundi huo ni herufi mbili za kale za jina lake zilizounganishwa. Mawimbi yake yapo karibu na gigahezi 2.4, mahali ambapo vyombo vingi vingine hupiga kelele zao. Na ili lisizibwe, tangazo huruka kutoka njia moja hadi nyingine mara 1600 kwa sekunde katika njia 79, kwa mpangilio ambao mtoaji na mpokeaji wamekwisha kupatana.

Mwanzoni ufundi huo ulifaa kwa maneno zaidi kuliko muziki, kwa kuwa njia yake ya mazungumzo ilikuwa na ubora wa simu tu. Mwaka 2003 ulikubaliwa utaratibu wa pili, uliokusudiwa kupeleka muziki wa spika mbili, kushoto na kulia. Tofauti ya njia hizi mbili ingali ikiwashangaza wengi hata leo: maikrofoni ikifunguliwa ili mtu azungumze, muziki hunyamaza au hugeuka kuwa mwembamba kama unaotoka simuni. Katika miaka ya 2000 vyombo vidogo vya kubandika ubavuni mwa helmeti vilianza kuuzwa, na kuanzia mwaka 2015 kampuni ya Cardo ilileta namna ya kuwaunganisha wasafiri wengi kama wavu, ili mmoja akitoka kundini wengine wasipoteze mazungumzo yao. Watengenezaji wa pikipiki nao walifuata. Gold Wing ya mwaka 2018 ilikuwa pikipiki ya kwanza kuwa na mfumo wa Apple CarPlay, unaoleta mambo ya simu katika kioo cha dashibodi.

Katika mkutano wa zama mbili hizi ndipo lilipozaliwa swali la pikipiki kuukuu. Injini ya GL1500, iliyotengenezwa hadi mwaka 2000, ina sifa ya kudumu. Nyingi zingali barabarani zikiwa na mwendo wa kilometa laki kadhaa. Kaseti yake haikudumu hivyo. Mikanda ya mpira imelegea, kingo za spika za sifongo zimeliwa na jua, na kaseti zenyewe haziuzwi kwa wingi tena. Chombo kizima ni kizima, ila ulimi wake umekufa. Mwenyewe afanye nini? Wako waliong'oa redio ya kiwandani, wakaziba tundu kwa redio ya motokaa, wakafunga amplifaya na spika kubwa. Hao wamerudia vita vya miaka ya 1980 kwa silaha mpya, na upepo umewajibu kwa jibu lile lile. Aidha wameondoa sehemu ya historia ambayo si rahisi kuipata tena, kwa kuwa katika pikipiki hizo redio, chombo cha mazungumzo na vitufe vya mpini vimefungamana, na kuking'oa kimoja ni kuvinyamazisha vingine.

Njia ya busara zaidi ilionekana na wale waliotazama matundu badala ya sanduku. Mfumo wa zamani una milango miwili: mlango wa kuingizia sauti kutoka chombo kingine, na mlango wa pini tano wa kutolea sauti kwenda helmetini. Katika mlango wa kwanza, kipokezi kidogo cha Bluetooth huchukua mahali pa kaseti. Simu hubaki mfukoni, muziki huingia katika redio ya zamani, na spika za mbele hufanya kazi kama zilivyokusudiwa, jambo linalofaa sana katika mwendo mdogo wa mjini. Katika mlango wa pili, kitoaji cha Bluetooth huchukua mahali pa waya uliojikunja. Kila kinachosikika katika mfumo wa zamani hurushwa hadi helmetini. Yupo pia msafiri anayeiacha pikipiki kando kabisa na kuunganisha simu na helmeti moja kwa moja. Njia hii ya tatu ndiyo nyepesi kuliko zote, lakini chombo hakina sehemu ndani yake. Abiria asiye na helmeti ya namna hiyo, na redio ya pikipiki yenyewe, hubaki nje ya mazungumzo.

Kila mlango una mbwa wake. Kipokezi kikilishwa umeme na betri ile ile inayolisha redio, kisha kikaunganishwa na redio hiyo kwa waya wa sauti, umeme hupata njia mbili za kurudi, na msikilizaji husikia mluzi unaopanda na kushuka pamoja na injini. Dawa yake ni transfoma ndogo ya kutenganisha, inayopitisha sauti na kuzuia mkondo wa umeme. Kitoaji nacho, kikiwa cha kutoa tu, hakirudishi maneno ya maikrofoni. Mwenye kutaka kuzungumza kwa mfumo wa zamani lazima atafute kile kinachopokea na kutoa. Tena, sauti ipitayo katika Bluetooth mara mbili, kutoka simuni hadi redioni na kutoka redioni hadi helmetini, huchelewa mara mbili. Kwa muziki uchelewaji huo hauna madhara. Kwa maelekezo ya njia, sehemu ya sekunde katika mwendo wa kasi ni mita kadhaa za barabara. Mambo haya ni madogo, lakini yote yana dawa, na hakuna hata moja linalotaka chuma kikatwe. Mwenye kubadili nia baadaye huchomoa alichochomeka, na pikipiki hurudi kuwa ilivyotoka kiwandani.

Lakini ushindi dhidi ya shibiri tatu una upande wa pili, na mwanafunzi wa historia hawezi kuufumbia macho. Umbali uliokuwa adui wa sauti ulikuwa pia mlinzi wa sikio. Spika iliyo mbele ya pikipiki haikuweza kumdhuru mtu kwa urahisi, kwa sababu haikuweza kumfikia vizuri. Spika iliyo sentimita 2 kutoka sikioni inaweza. Mizani inayotumiwa na wataalamu wa afya kazini nchini Marekani hukubali desibeli 85 kwa muda wa saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda huo nusu. Kwa hesabu hiyo desibeli 100 zina ruhusa ya dakika 15 tu. Msafiri ambaye upepo peke yake umemfikisha hapo, kisha akapandisha muziki juu ya upepo ili ausikie, hutumia katika asubuhi moja sehemu ya siku nyingi. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha sikio kikijaa hakimwagiki: usikivu uliopotea kwa kelele haurudi.

Dawa ya jambo hili inaonekana kama kichekesho, nayo ni kuziba masikio. Vizibo vya masikio hupunguza upepo na muziki pamoja, lakini ndani ya kichwa kilichotulia muziki mdogo hutambulikana kuliko muziki mkubwa uliozama katika ghasia. Mwenye kuziba husikia vizuri zaidi kwa sauti ndogo zaidi, mradi spika zake ziko mkabala wa tundu la sikio na hazikusogea. Sheria zenyewe zimepata taabu kuupambanua ukweli huu. Katika jimbo la California dereva haruhusiwi kufunika masikio yote mawili kwa vifaa vya kusikilizia, lakini vizibo vilivyotengenezwa kwa ajili ya kupunguza kelele yenye madhara vimesamehewa kwa mpanda pikipiki. Sheria imetambua kwamba si kila anayeziba sikio anakimbia kusikia. Kadhalika kanuni ya Ulaya ya helmeti, 22.06, imeanza kutazama vifaa vinavyobandikwa juu ya helmeti. Na ni haki, maana anayechonga tabaka la ndani ili apate nafasi ya spika anabomoa ukuta uliojengwa kwa ajili ya kumlinda.

Liko pia jambo lisilopimwa kwa desibeli. Redio ya mbele ya pikipiki ilisikika kwa wote: dereva, abiria, na mpita njia aliyesimama kwenye taa za barabarani, apende asipende. Sauti ya helmetini ni ya mtu mmoja. Imempunguzia mpita njia kero, na hiyo ni adabu njema. Lakini imewezesha watu wawili kuketi juu ya kiti kimoja kwa kutwa nzima, kila mmoja katika wimbo wake. Hata hivyo haifai kulaumu ufundi kwa hiari ya mtumiaji. Chombo kile kile kinachowatenga kwa muziki ndicho kilichowapa, kwa mara ya kwanza, uwezo wa kunong'onezana katikati ya tufani. Zamani abiria aliyeona hatari alimpiga dereva begani na kuomba Mungu aelewe. Leo husema, na husikika.

Basi historia hii inatoa hukumu iliyo wazi kwa mwenye pikipiki ya miaka iliyopita. Asinunue nguvu, kwa sababu nguvu imekwisha kujaribiwa na upepo ukaimeza. Aache redio ya zamani mahali pake, atumie milango ambayo waundaji wake waliiacha, na aifikishe sauti karibu na sikio kwa njia inayoweza kuondolewa. Kisha, akiisha kuzifupisha shibiri tatu, arudishe kwa mkono wake ulinzi ambao umbali ulikuwa ukimpa bure: avae vizibo, apunguze sauti, na abakishe nafasi ya king'ora na honi. Wahenga walisema kwamba sikio halipiti kichwa. Helmeti iliundwa ili kukiokoa kichwa. Muziki uliokaribishwa ndani yake ni mgeni, na mgeni mwema hamtoi mwenyeji nyumbani kwake.